Mwaka wa Karamu ya Misukule

Wiki ile ile aliyofariki Kondo, mjukuu wangu alinifuata jikoni na simu mkononi, akaniomba nimsaidie kutengeneza vidole vya maiti. Yeye na wenzake wapenda filamu za kutisha wana kikundi chao. Hukutana kwenye ghorofa moja hapa hapa Kariakoo, wakajipaka rangi ya kijani usoni, wakaangalia mazombi kwenye televisheni kubwa kama mlango, na kila mmoja huja na kitu cha kula kinachofanana na kitu kisicholika. Alinionyesha picha za keki yenye umbo la ubongo, biskuti zenye kucha, vikombe vya maji mekundu. "Bibi, usishtuke," akasema, "ni utani tu, mambo ya vijana wa siku hizi." Sikushtuka. Nilichukua mhogo nikaumenya, nikaukata vipande vyembamba, nikachonga vifundo kwa ncha ya kisu, kisha kwenye kila ncha nikapasua kidogo na kupachika nusu ya karanga iwe ukucha. Mtoto akawa anatazama mikono yangu. "Bibi, haya umejifunzia wapi?" Nikamwambia zamani. Mafuta yalipochemka nikawa sioni vizuri, nikamwambia ni moshi, ingawa jiko letu ni la gesi na halina moshi wowote.

Aliyenipigia simu kunipa habari za msiba alikuwa mtoto wa Kondo, mtu mzima sasa, sauti yake ni ya baba yake kabisa. Alisema, "Mama, shikamoo. Mzee aliacha maneno kwamba likitokea lolote, wewe uwe wa kwanza kuambiwa." Nilikwenda, nikakaa na wanawake kwenye mikeka, nikasikiliza watu wakimsifu Kondo kwa uaminifu wa mizani yake ya nyama na kwa upole wake, na hakuna aliyetaja lile jambo ninaloliona mimi kuwa kubwa kuliko yote aliyoyafanya duniani. Niliporudi nyumbani nilimpigia Bharti, ambaye ameishi nje ya nchi kwa zaidi ya miaka arobaini. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha Kariakoo ambacho hakijazeeka, "Stazia, sasa nani anajua?" Nikamjibu, "Mimi na wewe tu." Ndiyo sababu naandika.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha nne. Ulikuwa mmoja wa ile miaka ya Ujamaa ambayo sukari iliadimika, sabuni ikaadimika, na unga wa ngano ukawa habari ya kunong'onezana. Habari za nyumbani kwetu nisiwachoshe nazo. Inatosha kwamba wazazi wangu walikuwa na duka mtaa wa pili, na walidhani kila Jumamosi mchana niko kwenye mazoezi ya kwaya. Kumbe nilikuwa Mtaa wa Sikukuu, uani kwa Mama Sefu, pamoja na vijana kama kumi hivi waliojiita Jumuiya ya Misukule. Tulianzia kwenye sinema. Kila Jumapili mchana palikuwa na jumba moja mjini lililoonyesha picha za kutisha, maiti wanaotoka makaburini mikono mbele, na sisi tulikaa viti vya bei ndogo vya mbele kabisa tukipiga kelele mpaka sauti zinakauka. Lakini Sefu, ambaye ndiye aliyetukusanya, alisema maiti wale wa Kizungu hawamtishi hata kidogo. "Sisi tunao wetu," alisema. "Msukule. Mtu kafa, kazikwa, watu wamelia na kula pilau, kumbe mchawi kamchukua, kamkata ulimi, kamweka shambani analima usiku kucha na kulishwa pumba. Sasa hiyo ndiyo inatisha, kwa sababu inaweza kuwa jirani yako."

Sefu alikuwa na miaka kumi na tisa na alifanya kazi ya kuchora mabango ya maduka kwenye karakana moja Gerezani. Mikono yake ilikuwa na madoa ya rangi yasiyotoka, na alikuwa na tabia ya kukutazama usoni wakati unaongea kama anayepima ukubwa wa ukuta. Ndiye aliyetupamba. Unga wa mhogo uliochanganywa na maji kidogo ulikuwa ngozi ya maiti, masizi ya chungu yalikuwa mashimo ya macho, hina pembeni mwa mdomo ilikuwa damu iliyokauka. Tulivaa magunia ya mkonge yaliyotobolewa tundu la kichwa. Kisha tulitembea kuzunguka uani, miguu ikiburuzwa, macho yamekodolewa, mpaka mmoja acheke, na aliyecheka ndiye aliyeosha vyombo. Na kila mwanachama alitakiwa aje na hadithi moja au kitu kimoja cha kula cha kutisha. Mimi ndiye niliyebuni vidole vya mhogo. Bharti, ambaye mama yake alitengeneza halua na vitamutamu vya Kihindi nyumbani kwao, aliiba sukari guru na kututengenezea ini la msukule, jeusi, linanata, na lilitufanya tufumbe macho kwa utamu. Palikuwa na tambi za nazi tulizoziita minyoo, na juisi ya choya nyekundu kama ilivyo. Msimu wa shokishoki ulipofika tulimenya tukaziweka kwenye sahani, nyeupe, zina majimaji, kokwa jeusi linaonekana kwa ndani, na hapakuwa na haja ya kumwambia mtu kwamba yale ni macho.

Kondo alikuwa mkubwa wetu, ana ishirini na moja, kijana wa miraba minne aliyefanya kazi kwenye bucha sokoni. Ungetarajia awe jasiri. Hadithi ikikolea yeye ndiye aliyesogea karibu na mlango, au akajifanya amelala. Sefu alimpenda kuliko sisi wote. Walikuwa wamesoma chuoni pamoja, kwa mwalimu wa Kurani, wamechapwa pamoja, na walivaa viatu vya mmoja wao kwa zamu. Na pembeni mwetu, kwenye jiko la mkaa, alikaa Mama Sefu mwenyewe na karai lake la mihogo, maana alikuwa akipika ya kuuza jioni barazani. Sefu alikuwa mtoto wake wa pekee. Alimwita Kijino, kwa sababu aliota jino akiwa na miezi minne na majirani wakaja kulitazama. Sefu alikasirika kuitwa hivyo mbele ya wasichana, naye mama akazidisha. "Misukule wangu," alikuwa akituita, "njooni mle, halafu mkalime!" Kupitia ukuta tulimsikia mpangaji wa chumba cha pili akinung'unika, "Wanacheza na mambo haya watoto hawa, wanaita yasiyoitwa." Na mama wa Sefu akajibu kwa sauti ile ile ya kupitia ukuta, "Waache wachezee hapa ninapowaona, jirani. Afadhali maiti wa unga kuliko vijana wa vijiweni."

Siku moja balozi wa nyumba kumi alikuja, amevaa suti yake ya Chuenlai, ile ya viongozi wa chama, akasimama katikati ya uani tukiwa tumejipaka wote. "Hiki ni chama gani?" akauliza. "Kina kibali? Mwenyekiti nani? Shabaha yenu nini?" Tulikufa kwa hofu, ya kweli sasa. Sefu akajitokeza na gunia lake na uso mweupe, akamwamkia kwa heshima zote, kisha akasema, "Shabaha yetu ni kujitegemea, Mzee. Hata woga wetu tunautengeneza wenyewe, hatuagizi kutoka nje." Mzee alijaribu kukaza uso, akashindwa. Aliondoka na vidole vitatu vya mhogo kwenye karatasi.

Nieleze sasa hadithi niliyoisimulia mimi, kwa maana bila hiyo yaliyofuata yasingekuwa. Ilikuwa Jumamosi moja kabla ya mvua. Nilisimulia habari ya mama aliyefiwa na mwanawe, halafu akaambiwa mwanawe hakufa, yuko shambani kwa mchawi. Nikasema ipo njia ya kumrudisha. Mama apike kile mwanawe alichokipenda, kila siku alasiri, akiweke mlangoni, kisha amwite kwa jina la utotoni, jina ambalo mchawi halijui. Yote hayo niliyatoa kichwani. Kisha nikamwona Kondo amefumba macho, nami nikataka kumgutua, nikaongeza, "Na asilie! Chozi lake moja likidondoka, mtoto anasahau njia ya nyumbani milele." Kondo akafumbua macho. Mama Sefu, mwiko mkononi, akasema, "Mh! Asilie? Mama gani huyo?" Tukacheka sote. Katika hadithi yangu yule mama alivumilia, na jioni moja mlango ukabishwa.

Masika ilipofika tulikuwa tumepanga karamu kubwa kuliko zote. Tulialika watu wa mitaa mingine, Bharti alikuwa amepata sukari ya kweli, na Sefu alikuwa amepaka shuka zima kuwa makaburi. Kilichobaki ni redio ya kaseti, ambayo shangazi yake wa Magomeni alikubali kutuazima. Ilikuwa imenyesha siku mbili. Saa sita mchana tulikuwa wanne kwenye ukumbi wa nyumba ile, mimi, Bharti, Kondo na Sefu, tukiangalia maji yanavyoshuka barabarani. Bharti akasema, "Jamani tuahirishe. Bonde la Jangwani saa hizi limejaa." Kondo akasema naye anaona hivyo. Mimi nilikuwa nimeamka tangu alfajiri nikichonga vidole, sabini na kitu, na nilikuwa nimeshawadanganya wazazi mara mbili kwa ajili ya siku ile. Nikasema, "Misukule tangu lini wakaogopa mvua?" Sefu alicheka. Alirudia maneno yangu kwa sauti ya chini ya mzimu, misukule tangu lini, akajifunika gunia kichwani, akatoka mbio. Nilimwona akiruka dimbwi la kwanza, la pili akalikanyaga makusudi ili maji yaturukie.

Tulingoja. Wageni wachache waliokuja walikula, wakaondoka. Tambi ziligandamana zikawa kitu kimoja. Saa kumi na moja Mama Sefu aliacha jiko lake akaja kusimama mlangoni na kanga kichwani. Kondo akatoka kwenda kutafuta, akafika bondeni akakuta watu wamesimama pande zote mbili na maji ya rangi ya chai yanapita katikati, yamebeba mabanda na mikungu ya ndizi. Kule ng'ambo, shangazi alikuwa ameshampa Sefu redio, imefungwa kwenye nailoni, naye alikuwa ameshashuka bondeni kurudi kwetu. Siku ya tatu maji yalipopungua, wakamkuta mbali, karibu na daraja ambako mto unaingia baharini. Alitambuliwa na mjomba wake kwa kaptura yenye madoa ya rangi.

Hakuletwa nyumbani. Mjomba alimpokea kwake, akaoshwa huko, akavikwa sanda, akazikwa alasiri ile ile. Wanawake hawakwenda makaburini, kama ilivyo desturi, na mjomba alikataa kabisa dada yake afunuliwe uso. "Mkumbuke alivyokuwa," alimwambia. Alidhani anamtendea wema, na huenda mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini Mama Sefu alimpoteza mwanawe bila kuona kitu chochote, si mkono, si unywele. Aliona kijana anatoka mlangoni akicheka na gunia kichwani, kisha akaona wanaume wanarudi na udongo miguuni. Aliyeitwa kumsaidia mjomba kuosha alikuwa Kondo. Walimwita kwa kuwa alikuwa rafiki, na kwa kuwa mtu wa bucha, walisema, mkono wake hauogopi. Aliporudi alipita mbele yangu bila kuniona. Hakuonja nyama kwa miaka, ingawa aliendelea kuikata.

Baada ya arobaini, watu walipokwisha tawanyika, Mama Sefu aliniita chumbani kwake. Nakumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyoishi mwenyewe. Palikuwa na kitanda cha besera, chenye nguzo nne na chandarua kilichofungwa fundo, sanduku la bati la kijani, na ukutani bango dogo ambalo Sefu alimchorea, MAMA SEFU – MIHOGO SAFI, na mhogo wenye miguu unaokimbia. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa makavu, yamefunguka sana. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza vipimo vya chumvi, "Stazia mwanangu, yule mama wa kwenye hadithi yako. Alipika siku ngapi?"

Nilielewa mara moja. Nilijua pia kwamba dakika ile ndiyo ilikuwa ya kusema, Mama, ile hadithi niliitunga. Midomo ilifunguka. Lakini nilimwona anavyoning'ang'ania kwa macho, na nilikuwa na miaka kumi na saba, na maneno yangu ya mvua yalikuwa kifuani mwangu usiku na mchana kama jiwe. Nikasema, "Mpaka aliporudi, Mama." Akashukuru. Alinishika mkono akashukuru.

Kwa miezi mitatu, kila alasiri, Mama Sefu alipika ndizi mzuzu za nazi, chakula ambacho mwanawe angekula mpaka apasuke. Nazi ilipokosekana alizipika kwa maji na chumvi. Alipakua kwenye sahani ya bluu, akaiweka kwenye kizingiti, akasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha jirani, "Kijino! Njoo ule!" Mara moja tu. Kisha alikaa akingoja mpaka adhana ya magharibi, na sahani ikapelekwa kwa watoto wa mpangaji. Mihogo hakupika tena. Watu walidhani ni majonzi, na majonzi yana namna nyingi. Mimi tu nilijua kwa nini halii. Wanawake walikuja kumliza makusudi, wakamtajia jina la mwanawe, wakamwimbia, kwa kuwa walijua mama asiyelia anaoza kwa ndani, naye aliwatazama kwa yale macho makavu, meno yameng'ata kona ya kanga. Nilisikia mmoja akisema nje barazani, "Kana kwamba hakumzaa yeye."

Nikamwambia Bharti. Tulikuwa jikoni kwao, mama yake yuko chumba cha ibada, kengele ndogo inalia. Bharti aliweka chini kile alichokuwa anakoroga. "Stazia, nenda ukamwambie leo. Siyo kesho." Nikalia nikasema atanichukia. "Akuchukie," akasema. "Akuchukie, lakini alie." Alinisindikiza mpaka kona ya Mtaa wa Sikukuu, akanisukuma mgongoni.

Nilimwambia. Nilipiga magoti kabisa, nikasema, shikamoo Mama, nimekuja kukiri, ile hadithi haina ukweli, niliitunga yote, hata la chozi nililitunga ili Kondo asisinzie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, akanifuta machozi kwa kiganja. "Wachawi wamekukanya usiseme, siyo?" akanong'ona. "Usiogope, mwanangu. Sitakutaja." Na akafungua lile sanduku la bati akanionyesha furushi la nguo, shati la Sefu limepigwa pasi, suruali, kanga mbili zake. Alikuwa amesikia kutoka kwa mtu, ambaye alisikia kutoka kwa mtu, kwamba kuna shamba njia ya Morogoro ambako misukule wameonekana mchana, na mmoja ni kijana mrefu mwenye rangi mikononi. "Jumatatu naondoka," alisema. "Kama hawezi kuja, nitamfuata. Nitapita shamba kwa shamba."

Nilikimbia mpaka sokoni. Kondo alikuwa nyuma ya gogo la bucha, aproni ina damu, anapigapiga kisu. Nilimweleza nikihema. Aliendelea kukata. "Wewe peke yako ndiye uliyemwona," nikamwambia. "Mwambie ni yeye. Mwambie ulimwona." Kondo akasema bila kuinua uso, "Nilichokiona mimi siwezi kumwambia mama wa mtu." "Basi atakwenda. Atakufa njiani, Kondo, hali, halali." "Stazia, ondoka." "Mimi ndiye niliyemwambia Sefu aende," nikasema. Sikuwahi kulisema kwa sauti kabla ya hapo. Kondo alisimamisha kisu. "Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale," akasema, "nina nguvu za kumshika mkono, sikumshika." Mteja akaja akataka mafupa ya supu. Kondo akamhudumia. Nikaondoka nikidhani nimeshindwa.

Jumapili alasiri nilikuwa kwa Mama Sefu, nikimsihi kwa mara ya mwisho, sahani ya bluu iko mlangoni, aliposikia hodi. Aliruka. Sitasahau jinsi uso wake ulivyowaka. Alikuwa Kondo, ameoga, amevaa kanzu nyeupe na kofia, kama anayekwenda kuposa. Uso ule ukazimika pole pole, naye Kondo aliuona unavyozimika, na hata hivyo akaingia. Aliivuka sahani kwa uangalifu, akaketi chini kwenye mkeka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja kukwambia. Sefu nilimwosha mimi kwa mikono yangu."

"Uliosha mtu," akasema Mama Sefu. "Hawakunionyesha."

"Uso sikuutazama sana, sitakudanganya. Lakini mguu wa kushoto, kile kidole kidogo kimempanda mwenzake. Na hapa nyuma ya bega, lile kovu la uji wa moto."

Mama Sefu akasema haraka, kwa sauti kali, "Uji ulimwagika wenyewe. Sikumwagia mimi."

"Najua, Mama. Alinisimulia. Alisema ulimbeba mbio bila viatu mpaka hospitali."

Aliitazama mikono ya Kondo iliyolala magotini. Aliitazama muda mrefu sana, mikono mikubwa, kucha zimekatwa fupi. Nilidhani atasema tena kwamba wamemkanya. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa ndogo, "Maji yalikuwa ya baridi?"

"Hapana, Mama. Yalikuwa vuguvugu. Niliyapima kwa kiwiko."

"Kwa kiwiko?"

"Kwa kiwiko, Mama. Kama anavyoogeshwa mtoto mchanga. Na sikumharakisha."

Hapo akalia. Siwezi kuiandika sauti ile na sitajaribu. Alijitupa mbele akaishika mikono ya Kondo, akaiweka usoni pake, akaibusu, akalia ndani yake, akamwita mwanawe kwa majina yote mawili. Wapangaji walikuja, wanawake wa mtaa mzima wakaja, wakamkalia pande zote, na uani ambako tulikuwa tukiburuza miguu na kucheka palijaa kilio kilichokuwa kimechelewa miezi minne na nusu. Kondo hakuondoa mikono yake mpaka usiku ulipoingia na Mama Sefu mwenyewe akaiachia.

Hakwenda Morogoro. Nilimtembelea baada ya wiki mbili. Alikuwa ameanza kula, nywele zimesukwa. Alinipa chai. Nilipoaga alinisindikiza mpaka barazani, akasema, "Stazia, usije tena. Siyo kwa hasira, mwanangu. Nikikuona unaingia, nasikia nyayo zake nyuma yako." Nikaitikia. Sikujua kama aliyasikia niliyoyasema siku ile ya mvua, maana tulikuwa ukumbini na jiko lake lilikuwa hatua chache tu. Sikumwuliza. Jumuiya ya Misukule haikukutana tena. Bharti na wazazi wake waliondoka nchini mwaka uliofuata, na mimi na Kondo, kwa miaka yote tuliyoishi mji mmoja, tulisalimiana juu ya mizani ya nyama, tukaulizana hali za watoto, tukaishia hapo.

Mama Sefu nilimwona mara moja tu baadaye. Nilikuwa nimeshaolewa, nina mimba ya kwanza, na kwenye duka la ushirika ilikuwa imeingia sukari. Foleni ilizunguka nyumba mbili. Nilikuja nimechelewa, nikawa natembea kuutafuta mwisho wake, na jua lilikuwa kali mpaka naona vimulimuli. Mtu akanishika mkono kutoka kwenye mstari. Alikuwa yeye, amezeeka, kanga yake safi. Alilitazama tumbo langu. Alirudi nyuma hatua moja, akanivuta nikasimama mbele yake, watu wa nyuma wakapiga kelele na yeye hakugeuka. Akaweka kiganja chake mgongoni pangu, katikati ya mabega, akakiacha hapo. Foleni ilisogea taratibu. Tulisimama hivyo zaidi ya saa nzima, mpaka zamu yangu ikafika.